Siku Nyumba ya Mama Angel Ilipopangwa

Pale Karatu, miaka ile, ukitaka kumchekesha mtu ulimwambia aende akakae kidogo kwa Mama Angel. Si kwamba mama huyo hakuwa na viti. Alikuwa na makochi kamili, tena ya mninga, lakini kukaa ndiko kulikokuwa shughuli. Kochi moja lilikuwa limekaliwa na rejeta ya lori. Jingine lilikuwa na turubai lililokunjwa, juu ya turubai magunia matupu, na juu ya magunia alilala paka, naye hakupenda kuamshwa. Mgeni alisalimia amesimama, akanywa chai amesimama, akaondoka na vumbi jekundu mikononi. Akifika barabarani alianza kucheka. Walisema mama yule ana wazimu wa vitu, na waliosema hivyo wote walijua fika sababu yake, ila sababu haichekeshi.

Jina lake lilikuwa Aikande. Mumewe, Eliamini, alimleta kutoka Machame akiwa bado bibi arusi, na nyumba ile ya matofali kwenye njia ya kwenda Ganako waliijenga wawili kwa jasho la lori. Aikande ndiye aliyesakafia sebule kwa saruji nyekundu, amepiga magoti, mimba ya Angel ikimgusa mapajani. Alipomaliza aliisugua sakafu kwa nta mpaka mumewe akawa anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Miaka ya baadaye sakafu hiyo ilifunikwa na vipuri, na hata yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuisahau rangi yake.

Eliamini alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe. Alipeleka unga na sabuni upande wa Loliondo, akarudi na mahindi na maharage ya Digodigo. Safari ya mwisho aliifanya katika zile mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka tisini na saba, wakati madereva wenye akili walikuwa wameegesha magari wanacheza bao. Lori lilikutwa limelala ubavu kwenye korongo, upande wa huku wa Samunge, mlango wa dereva uko wazi na unga umegeuka tope jeupe. Utingo alikuwa ameshuka Digodigo na homa, kwa hiyo hakuona kitu. Wafugaji wa pale, wakiongozwa na mzee mmoja aliyeitwa Parsimei, walilifuata korongo mpaka lilipoishia mchangani. Hawakupata hata kiatu.

Baada ya hapo ndipo midomo ilipoanza. Dereva mmoja akaja na habari kwamba Eliamini ameonekana Narok, huko Kenya, amenenepa, anafanya kazi gereji na ana mwanamke wa huko. Mwingine yeyote angeichukia habari hiyo. Aikande aliikumbatia. Kila Jumapili alipiga magoti kanisani akaomba kwamba mumewe awe amemtoroka, awe amemdharau, awe anakula chakula cha mwanamke mwingine, maana bila hivyo angekuwa amekufa. Hayo ndiyo mapenzi aliyobakiwa nayo, na Mungu mwenyewe sijui aliyasikiliza kwa uso gani.

Sasa kuna jambo la ukoo wa Eliamini ambalo lazima lieleweke. Si la Wamachame wote, ni la ukoo wao. Kwao, mwanamume akifa, anayemwachilia ni mkewe. Msiba ukifika mwisho, mke anazitoa nguo za marehemu kwa mikono yake mwenyewe, anaanza na koti, na koti linakwenda kwa ndugu wa kiume anayefuata, ambaye ndiye mrithi. Koti lisipotoka, hakuna mjane, hakuna kikao cha urithi, hakuna wa kuigusa nyumba. Likishatoka limetoka. Wazee wa ukoo, kwa kuwa maiti haikupatikana, walisema hawatamlazimisha mtu kulia asichokiona. Wakamwachia Aikande: siku akiridhika kwamba mumewe hayupo, atalitoa koti.

Hakuridhika. Koti zito la kahawia lilining'inia kabatini, na kila Krismasi, ukoo ulipopanda Machame kula nyama, shemeji yake Silvanus alimsogelea na sahani mkononi.

"Shemeji, koti halijambo?"

"Halijambo. Liko kabatini."

"Nondo hazijalila?"

"Hazijalila."

Silvanus alikuwa mdogo wa Eliamini, mwuza nyama wa pale Karatu, mtu wa kucheka na kila mtu. Alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya stendi na mke na watoto watano, na kila alipopita njia ya Ganako alipunguza mwendo mbele ya nyumba ya kaka yake. Hata mabati yake alikuwa akiyatazama yana kutu kiasi gani.

Na vile vitu vilikuja hivi. Aikande alijiambia kwamba kama ataweza kutupa boliti ya Eliamini, basi ataweza kutupa shati lake, na akiweza shati ataweza koti. Kwa hiyo hakutupa boliti. Halafu hakutupa chochote: madumu, magazeti, tairi zilizokwisha, redio iliyoungua, viatu vya Angel vya darasa la pili. Alipoletewa vyuma vilivyobaki vya lori aliviingiza sebuleni, maana nje vingenyeshewa. Nyumba ikajaa mpaka njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni ikawa ya mtu mmoja kupita kiubavu. Alikuwa amejijengea boma la takataka, na ndani ya boma hilo mumewe alikuwa hai.

Aliyechoka kwanza ni Angel. Angel alikuwa amekua, anafanya kazi mapokezi kwenye kambi moja ya watalii, na alikuwa amempata Joel, mhasibu, kijana wa Arusha mwenye heshima zake. Wazee wa Joel walituma ujumbe mwaka wa kwanza, wakatuma wa pili. Walikuwa tayari kuleta posa, ila walitaka kujua anayeipokea ni nani. Kama baba yupo, aonyeshwe. Kama hayupo, baba mdogo apokee, lakini kwanza isemwe kwamba hayupo. Hawakuwa na mpango wa kuweka mahari mikononi mwa Silvanus halafu siku moja mzee atokee Narok na kuidai upya.

"Mama, sema tu neno," Angel alimwomba. "Neno moja."

"Baba yako akirudi tutafanya harusi ambayo Karatu hawajaiona."

"Na asiporudi?"

"Wewe unataka afe ili uolewe?"

Angel alilia siku hiyo. Baadaye hakulia tena, na huo ndio wakati mama yake alipaswa kuogopa. Binti alianza kuwa mpole. Alileta nyama nzuri kutoka kwa baba yake mdogo. Alimsuka mama yake nywele. Kisha mwezi wa sita mwaka elfu mbili na tatu akasema kwamba posa iache iende zake, lakini walau nyumba ipangwe, watu wakija wapate pa kukaa, ni aibu. Alikuwa amempata mtaalamu wa kazi hiyo na atamlipa mwenyewe.

Mtaalamu aliitwa Leonida Tluway, Mwiraqw wa Mbulu, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alikuwa mkuu wa hausikiping kwenye loji moja kule juu ukingoni mwa kreta, mpaka loji ilipopata wenyewe wapya wakampunguza kazini. Wenzake waliopunguzwa naye waliuza mandazi. Yeye aliteremka Karatu akaanza kuuza kile alichokijua: kuingia kwenye nyumba ya mtu na kuipanga. Mwanzoni watu walimcheka, iweje mtu alipwe kwa kukukunjia nguo zako. Kisha mke wa tajiri mmoja wa magari ya watalii akamwita, na wake wa matajiri wengine wakaona wivu, na kwa mwaka huo ulikuwa unangoja zamu yako. Alikuja na aproni nyeupe iliyopigwa pasi na viatu vya raba visivyotoa sauti.

Aikande alimpokea mlangoni, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi ya watu wawili.

"Kabati la chumbani kwangu lisiguswe," alimwambia kabla hata ya kumkaribisha maji. "Vingine tutaongea."

"Mimi sigusi kabati la mtu, mama. Sitoi kitu cha mtu. Ukiona hakifai, unakitoa mwenyewe, kwa mkono wako."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nasimama na kukuuliza."

"Unaniuliza nini?"

"Kina kazi gani."

Aikande aliona huyu ni mtu mwungwana. Mtu asiyetoa kitu cha mwenzake, asiyenyang'anya, utamwogopea nini? Akamkubalia palepale, na jioni alimwambia Angel kwamba amemletea mtu mwenye adabu. Angel alijibu kwamba ndiyo, ana adabu sana.

Kazi ilifanyika Julai, mwezi ambao ukungu unateremka Karatu kutoka msituni na jua linaonekana likipenda. Leonida alitoa kila kitu nje, uani, mbele ya macho ya watu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa, na hakuificha. Alisema ndani ya nyumba mtu hutetea kila kitu, lakini nje, jirani akiwa ameegemea ua, mtu anaviona vitu vyake kwa macho ya jirani. Na majirani walikuja. Walikuja na shughuli za kisingizio, mwingine na ungo wa maharage, mwingine na mtoto wa kunyonyesha, wakajipanga kwenye ua wakichambua na kutazama.

Leonida alisimama katikati ya uwanja, mikono ameikunja juu ya aproni.

"Shika hicho, mama. Kina kazi gani?"

"Ni sahani ya klachi."

"Ya gari gani?"

"Ya lori letu."

"Lori liko wapi?"

Majirani waliacha kuchambua. Lori lilikuwa limeuzwa chuma chakavu Arusha, na aliyeliuza ni Silvanus, na kila mtu pale alilijua hilo. Aikande aliishika ile sahani ya chuma kifuani kana kwamba baridi itaitia kutu.

"Halipo," alisema mwishoni.

"Basi mpe mwenye gari."

Alimpa fundi wa jirani. Ilimuuma, na Leonida hakumpa nafasi ya kukaa. Kilichofuata, tairi. Zina kazi gani? Akampa mshona katambuga. Magunia? Akampa Nosim, mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuza maziwa mtaani, naye akayapokea kwa mikono miwili na kumbariki. Redio iliyoungua, madumu, mnyororo, viatu vya darasa la pili. Shika. Kina kazi gani? Toa. Leonida hakupandisha sauti hata mara moja, wala hakumpa mtu yeyote kitu. Kila kitu kilipita kwenye mikono ya Aikande, kutoka kwake kwenda kwa mtu.

Na sasa sikieni ubaya wenyewe. Ilipofika mchana, Aikande alianza kujisikia vizuri. Miaka yote ile alikuwa akibana pumzi, na sasa kila alichokitoa kilimwondokea na uzito wake. Mtu akamtania kwamba ataishia kumtoa na paka, naye akacheka, kicheko chenye sauti, wanawake wa uani wakatazamana kwa mshangao. Aliingia ndani akakuta sakafu yake. Leonida alikuwa ameipiga deki na nta, ile saruji nyekundu inang'aa, na Aikande akavua ndala akaikanyaga kwa miguu mitupu, akizunguka sebuleni peke yake. Alisema kwa sauti kwamba baba Angel akiiona atafurahi.

Ndipo Silvanus alipofika, pamoja na dada yao Katarina aliyekuwa ameshuka kutoka Machame siku iliyotangulia bila kutuma salamu kwa mtu. Walipewa viti uani. Katika baridi ile ya kuchoma masikio, Silvanus alikuwa amevaa kishati cha mikono mifupi.

"Mama," Leonida alisema kwa ile sauti yake ya chini, "lile kabati panya wamelitoboa kwa nyuma. Nimeona mavi yao ukutani."

"Nilisema lisiguswe."

"Na halijaguswa. Lakini zile nguo ukiziacha humo utabaki na matambara. Zianike tu. Jua likizipiga kidogo unazirudisha."

"Kuanika?"

"Kuanika. Siyo kutoa."

Kama Leonida alijua anachokifanya? Angel alikuwa amemwambia, ukimaliza vya nje mfikishe mpaka kabatini. Hakuuliza kwa nini. Miaka yote ya loji ilikuwa imemfundisha kutandika kitanda bila kuuliza aliyelala humo na nani. Alijua vya kutosha, na aliona vinamtosha.

Aikande alilifungua kabati mwenyewe. Mashati aliyatoa mawili mawili, akayaanika kwenye kamba. Suruali akazianika. Koti alilitoa mwisho. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka, na lilikuwa bado lina harufu ya dizeli. Alitoka nalo limelala kwenye mikono yake yote miwili, na kamba ilikuwa imejaa. Akasimama katikati ya uwanja akitafuta pa kuliweka. Alikuwa amesimama mahali palepale alipokuwa amesimama tangu asubuhi, Leonida pembeni yake, majirani mbele yake.

Silvanus aliinuka kwenye kiti akijikumbatia mabega.

"Shemeji, baridi inaniua," alisema. "Nisitiri."

Akanyoosha mikono.

Naye akampa. Hakuwaza. Mikono yake ilikuwa imetoa tangu kulipokucha, imezoea, mtu akinyoosha mkono inanyoosha na yenyewe. Alimpa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kidogo, vile alivyofundishwa tangu utoto kumpa kitu mwanamume wa ukweni. Tena alimwambia, "Pole na baridi."

Alikuwa hajamaliza kulisema hilo neno la mwisho alipoona uso wa Katarina.

Katarina alisimama, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia ule mlio wa msiba ambao ukianza unasikika mitaa mitatu. "Kaka yangu," alilia. "Kaka yangu ametuacha." Silvanus alikuwa ameshavaa, anafunga vifungo kuanzia chini, bila haraka.

"Nimekuazima," Aikande alisema. Kisha akapiga kelele. "Nimekuazima, Silvanus, nimekuazima ujisitiri, lirudishe."

"Umempa kwa mikono miwili," Katarina alimjibu katikati ya kilio. "Watu wote hawa wameona."

Aikande alilirukia koti. Alilishika kwenye mkono, akavuta, naye Silvanus akasimama imara akimtazama kwa huruma ya kuigiza. Wanawake wakaruka ua wakamshika. Aliwaambia Eliamini yuko hai, yuko Narok, ana gereji, amenenepa. Kadiri alivyosema ndivyo walivyomkumbatia. "Lia, mama," walimwambia. "Lia, umejizuia mno." Aliuma mtu mkono, nao wakasema uchungu wa mume ni mkali jamani. Hakuna aliyemsikia akibisha. Walimsikia akiomboleza, na waliokuwa wakichambua maharage walianza kulia naye kwa dhati kabisa.

Nyumba ilikuwa tayari kupokea msiba. Hilo lazima lisemwe kwa sifa ya fundi wake. Sebule ilikuwa wazi, mikeka ikaenea ukuta hadi ukuta, na makochi ya mninga yakapata wazee wa kukalia. Leonida alivua aproni, akaikunja mara nne, akampa mama wa nyumba mkono wa pole na kwenda zake. Wiki hiyo aliitwa kwenye nyumba nyingine tatu na watu walioiona kazi yake wakiwa wamekaa matangani.

Usiku haukuingia kabla ya kitambaa cheusi kuletwa. Katarina alikuwa amekuja nacho tangu Machame, kimeshapindwa. Aliyeingia nacho chumbani ni Angel.

"Ulijua," Aikande alimwambia.

"Inua mkono, mama."

"Mimi nimekuzaa kwenye nyumba hii."

"Nimengoja, mama. Nimengoja mpaka nimeanza kumchukia baba kwa kutokufa vizuri." Angel alikuwa akifunga kitambaa begani kwa mama yake. "Inua na huu wa pili."

Aikande akainua.

Kuna waliodhani atakwenda kushtaki. Alikwenda kwa mchungaji, na mchungaji akamwambia ibada ya kumbukumbu imeshatangazwa. Alipanda basi hadi Machame kwa wazee wa ukoo, akawaeleza alivyoingizwa mtegoni, nao wakamsikiliza kwa upole mkubwa. Kisha wakamuuliza kama kuna mtu aliyemshika mkono kwa nguvu. Hakuna. Wakamuuliza kama aliyelitoa koti kabatini ni mtu mwingine. Hapana, ni yeye. Mzee mmoja tu, aliyekuwa mgonjwa na hana cha kupoteza, ndiye aliyemwachia upenyo. Alisema kikao cha nyumba hakitakaa kabla posa ya Angel haijapita, na kwamba koti ni koti, lakini mbele ya wageni mke akisema kwa mdomo wake hajui mumewe aliko, ukoo utaona aibu kurithisha. Aikande alirudi Karatu na neno hilo moja. Alilificha kuliko alivyowahi kukificha kitu chochote ndani ya nyumba ile.

Silvanus hakusubiri kikao kupima vyumba. Alikuja jioni na koti lake, akipiga hatua ukuta hadi ukuta na kusema mtoto gani atalala wapi. Alimwambia shemeji yake kwamba kile chumba cha uani, kilichokuwa stoo ya matairi, sasa kimekuwa kizuri ajabu baada ya kupangwa, mtu mmoja kinamtosha. Aikande aliitikia, "Ndiyo, shemeji," akaendelea kupeta mchele.

Wazee wa Joel walifika kabla ya Krismasi. Walikuwa watano, wamevaa suti, na kila mmoja alipata kochi. Msemaji wao alikuwa mzee mrefu mwenye maneno mazuri, akaisifia nyumba, akaisifia sakafu, akasema nyumba ya namna hii inaonyesha binti amelelewa. Silvanus alishukuru kwa niaba ya nyumba. Aikande alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango wa jikoni, ndani ya weusi wake, na Angel alikuwa amesimama ukumbini na shangazi yake Katarina, amefunikwa khanga mbili.

"Mzee Silvanus," msemaji alisema, "koti tumeliona, na habari zake tumeelezwa. Lakini mila hiyo ni yenu, sisi ni wageni nayo. Mtatuwia radhi. Tunaomba tusikie kwa mama mwenyewe, halafu hatutauliza tena." Akamgeukia Aikande na kushusha sauti. "Mama, baba wa binti huyu yuko wapi?"

Silvanus alianza kukagua kucha zake.

Aikande alikuwa amelisema neno lile moyoni miezi yote hiyo. Sijui. Wala halikuwa uongo, ndiyo kweli pekee iliyokuwa imebaki chini ya mabati yale. Akisema sijui, nyumba ni yake na Eliamini ni mzima. Na hawa wazee watainuka, watashukuru kwa soda, watapanda gari lao, na Joel ataoa mahali pengine ndani ya mwaka huohuo, kwa sababu vijana hawangoji, na Karatu nzima itajua kwamba Angel amerudishiwa posa sebuleni kwao.

Aliinua macho. Angel alikuwa ameshusha khanga usoni anamtazama. Hakuwa analia na hakuwa anaomba. Alikuwa anangoja tu, mikono ameikunja, kama Leonida alivyokuwa akingoja uani.

"Amekufa," Aikande alisema.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Msemaji, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alitaka kumtaja marehemu kwenye sala jinsi inavyostahili, akamwinamia tena.

"Pole sana, mama. Alifariki lini?"

"Leo," Aikande akajibu.

Wazee wakatazamana. Silvanus alikohoa, akalikaza koti, akasema wamsamehe shemeji yake, bado amechanganyikiwa kidogo, ilikuwa ni kwenye zile mvua kubwa za tisini na saba. Wakasema wanaelewa. Sala ikasomwa, soda zikafunguliwa, na Katarina akamwambia Aikande kwamba anaweza kwenda kupumzika chumbani kwake uani, hapa watamaliza wenyewe.